Sanduku Lisilo na Kifuniko: Jinsi ya Kukagua Gari la Fahari Lililokwisha Tumika

Utangulizi

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayekusudia kununua gari la fahari lililokwisha tumika, hasa gari la mbio lenye paa la kukunjwa, hana budi kuitafakari methali hiyo kwa uangalifu, maana katika biashara hii hata kibaya huweza kujiuza. Rangi hung'arishwa kwa siku moja, na viti vya ngozi hupakwa mafuta kwa saa moja. Lakini chuma kilicholiwa na kutu ndani ya kizingiti cha mlango hakionekani kwa macho ya mtu aliyesimama kando akilistaajabia gari.

Tuchukue mfano wa mstaafu wa Dar es Salaam aliyepata kiinua mgongo chake, na ambaye tangu ujana alitamani kuendesha gari la wazi. Ameonyeshwa magari mawili ya aina moja, yote Mercedes-Benz SL ya mwaka 1991. La kwanza ni jekundu na linang'aa; mita yake inaonyesha kilomita 48,000 tu, lakini muuzaji hana karatasi yoyote ya matengenezo. La pili rangi yake imefifia na limekwenda kilomita 170,000, ila ndani ya dashibodi mna bahasha iliyojaa stakabadhi za gereji za miaka mingi. Bei zao zinalingana. Je, achague lipi?

Jibu halimo katika rangi, wala halimo katika kilomita peke yake. Limo katika mambo manne ambayo mtu yeyote aweza kuyaelewa: umbo la gari, kutu, uzee wa mpira na vimiminiko, na hesabu ya fedha. Makala haya yanaeleza mambo hayo moja baada ya jingine, pamoja na majaribio mepesi ambayo mnunuzi aweza kuyafanya mwenyewe kabla ya kutoa hata senti moja.

Somo la kibiriti

Chukua kibiriti. Toa kile kisanduku cha ndani kinachoshika njiti, ukishike kwa mikono miwili kila upande, kisha ukisokote taratibu kama mtu anayekamua nguo. Kitapinda bila taabu. Sasa kirudishe ndani ya ganda lake na usokote tena. Safari hii kitakataa. Karatasi ni ile ile na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sanduku limefungwa pande zote.

Wahandisi huijua kanuni hii vizuri. Bomba jembamba la chuma lenye kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 1 ni gumu sana kulisokota. Bomba hilo hilo likipasuliwa kwa msumeno mstari mmoja tu, kutoka ncha moja hadi nyingine, hubakiwa na chini ya sehemu moja katika elfu moja ya ukakamavu wake wa awali dhidi ya msokoto. Uzito haukupungua kwa kiasi cha kutajika, bali umbo limefunguka.

Gari la kawaida la abiria ni sanduku lililofungwa. Paa, nguzo, sakafu na vizingiti vya milango hushikana na kugawana mzigo. Gurudumu moja linapoingia shimoni, nguvu inayotaka kulisokota gari husambaa katika mwili wote. Katika gari la wazi paa la chuma halipo, na turubali haliwezi kushika nafasi yake. Kwa hiyo kazi ya paa huhamishiwa chini: vizingiti hutengenezwa kwa chuma kinene zaidi na kuundwa kama masanduku marefu, na sakafu huongezewa vyuma vya kukatiza. Ndiyo sababu gari la wazi mara nyingi huwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa la chuma, ingawa kwa macho limepunguzwa kitu.

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima. Katika gari lenye paa, kizingiti kilichoharibika ni kasoro kubwa. Katika gari la wazi, kizingiti kilichoharibika ni uti wa mgongo uliovunjika. Gari la namna hiyo hutetemeka, milango yake hugoma kufunga sawasawa, na likigongwa ubavuni au kupinduka haliwezi kuwakinga waliomo kama lilivyokusudiwa.

Kutu hufanya kazi gizani

Chuma hupata kutu pale kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Chumvi huharakisha jambo hilo, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu kwa asili yake ni mwendo mdogo wa umeme kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Nchi za baridi kama Uingereza na Ujerumani humwaga chumvi barabarani wakati wa kipupwe ili kuyeyusha barafu, na mikoa ya theluji ya Japani hufanya vivyo hivyo. Gari lililoishi huko miaka mingi huja Afrika ya Mashariki likiwa na chumvi ndani ya mifupa yake. Likifikia Tanga, Mombasa au Unguja, upepo wa bahari huendeleza kazi iliyokwisha anzwa.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa. Kwa hiyo huisukuma rangi kutoka ndani kwenda nje, na vipele vidogo hutokea. Mnunuzi anapoona kipele juu ya rangi asifikiri kuwa ugonjwa umeanza leo. Mara nyingi kipele ni moshi, na moto u ndani.

Gari la wazi lina njia moja zaidi ya kuingiza maji. Kando ya paa la turubali mna mifereji midogo, na kutoka humo maji ya mvua hushuka kwa mipira myembamba hadi chini ya gari. Majani makavu na vumbi vikiziba mipira hiyo, maji hutafuta njia nyingine: huingia chini ya zulia, katika buti, au ndani ya vizingiti vyenyewe. Huko hayakauki upesi, na hakuna anayeyaona.

Majaribio manne

Mnunuzi aende kulitazama gari mchana, likiwa kavu, akiwa na kikombe cha maji, sumaku ndogo, kitambaa chembamba na tochi. Vitu hivi havina gharama, lakini vyaweza kumwokolea akiba ya maisha.

Jaribio la kwanza ni la maji. Mimina maji taratibu katika mifereji iliyo kando ya paa, kisha uchungulie chini. Yakitoka mara moja upande huo huo, njia iko wazi. Yasipotoka, inua zulia na uguse sakafu kwa mkono. Unyevu au harufu ya ukungu ni ushahidi usiohitaji shahidi mwingine.

Jaribio la pili ni la sumaku. Ifunge katika kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe juu ya vizingiti na kuzunguka magurudumu. Mahali inapodondoka ghafla pana puti nene badala ya chuma. Hata hivyo tahadhari inahitajika: magari mengi ya fahari yana vifuniko vya alumini na vipande vya plastiki, navyo havivutwi na sumaku hata vikiwa vizima. La kuzingatia ni tofauti ndani ya bamba moja, au tofauti kati ya upande wa kulia na wa kushoto.

Jaribio la tatu ni la mwanya wa mlango. Funga mlango na uutazame mwanya uliopo kati yake na mwili wa gari, kuanzia juu hadi chini. Unapaswa kuwa sawa pande zote. Kisha liinue gari upande mmoja kwa jeki, mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, uufungue mlango na kuufunga tena. Mlango unaokwama gari linapoinuliwa, lakini ulikuwa ukifunga vizuri chini, unasema kwamba mwili unapinda. Na kama mahali pa jeki panapondeka na kutoa unga mwekundu, ukaguzi umekwisha. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Jaribio la nne ni la barabara. Endesha polepole juu ya njia yenye mashimo, paa likiwa wazi. Tazama kioo cha mbele na usukani. Mtetemo mdogo ni tabia ya magari ya wazi. Fremu ya kioo ikicheza dhahiri, huku milango ikilalamika kwa sauti, ni dalili kwamba sanduku limelegea.

Kizazi kimoja hadi kingine

Historia ya magari ya SL yenyewe inaonyesha jinsi wahandisi walivyolikabili tatizo la kifuniko kilichokosekana. Aina iliyojulikana kiwandani kwa jina la R107 ilitengenezwa Sindelfingen, Ujerumani, tangu 1971 hadi 1989, na yakatoka magari zaidi ya 237,000. Iliundwa wakati ambapo watengenezaji wengi walihofia kwamba Marekani ingeyapiga marufuku magari ya wazi kwa sababu ya ajali za kupinduka. Hofu hiyo haikutimia, lakini iliacha alama: nguzo za kioo cha mbele za R107 ziliimarishwa sana ili zistahimili uzito wa gari likipinduka. Paa lake la turubali hukunjwa kwa mikono, na kwa hiyo lina vitu vichache vya kuharibika. Adui wake mkuu ni kutu, hasa katika vizingiti na katika ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya abiria.

Aina iliyofuata, R129, ndiyo aina ya magari mawili ya mstaafu wetu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1989 na kutengenezwa Bremen hadi 2001. Nyuma ya viti vyake mna upinde wa chuma uliolala. Vyombo vya gari vikihisi kwamba linakaribia kupinduka, upinde huo huinuka wenyewe kwa muda wa kama theluthi moja ya sekunde ili kukinga vichwa. Dereva aweza pia kuuinua kwa swichi. Mnunuzi asione haya kuomba ufanyiwe jaribio mbele yake, kwani upinde usioinuka, au taa ya onyo isiyozimika, ni kasoro ya uhai na si ya mapambo.

Paa la R129 hujifungua na kujifunga kwa nguvu ya mafuta, kwa muda wa kama nusu dakika. Hapa tunaingia katika jambo la tatu.

Mafuta, mpira na miaka

Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi karne ya 17, alieleza kwamba kimiminiko kilichofungiwa ndani ya chombo kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea sawa kila upande. Msukumo kwa kila kipimo cha eneo huitwa kanieneo. Tuseme pampu inatoa kanieneo ya kilogramu 100 kwa kila sentimita mraba, na pistoni ina eneo la sentimita mraba 3: nguvu itakayopatikana ni sawa na kuinua kilogramu 300. Kwa njia hii silinda nyembamba kama kidole huweza kulivuta paa zima.

Lakini kila silinda huzibwa kwa vipete vya mpira, na mpira una adui asiyesimamishwa na breki, nao ni wakati. Joto, hewa na mafuta huufanya uwe mgumu na kupasuka hata kama gari halitembei. R129 ina silinda zaidi ya kumi kwa ajili ya paa lake. Tone la mafuta juu ya kioo cha mbele kwa ndani, au madoa katika buti penye pampu, ni ishara kwamba vipete vimechoka. Kimoja kikianza kuvuja, vingine vya umri ule ule havitachelewa sana. Kwa hiyo paa lifunguliwe na kufungwa mara mbili au tatu mfululizo, na mnunuzi asikubali kuambiwa kwamba "betri imeshuka leo".

Hapa pia ndipo sifa ya "kilomita chache" inapopungua thamani. Gari lililoegeshwa miaka mingi halichakai kwa mwendo, bali huzeeka kwa kukaa. Mfano mzuri ni matairi. Tangu mwaka 2000 ubavu wa tairi huandikwa tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa; mathalani 2316 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2016. Gari la mbio laweza kuwa na matairi yenye kashata nzuri kabisa ambayo mpira wake umekwisha kufa. Tairi la namna hiyo likikimbizwa kwa kasi juu ya lami ya moto huweza kupasuka bila onyo.

Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Sentigredi. Yakishafyonza maji, kiwango kinachotakiwa na sheria za ubora hushuka hadi nyuzi 155. Gari zito na lenye kasi likiteremka mlima mrefu hupasha breki zake joto kali. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminiko, hubanika. Dereva hukanyaga, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Stakabadhi ndogo inayoonyesha kwamba mafuta ya breki yalibadilishwa kwa wakati ina thamani kuliko ng'aro la rangi.

Hesabu ya bei

Jambo la nne ni fedha. Tuseme gari jipya la fahari linauzwa kwa fungu 100, na thamani yake hupungua kwa asilimia 15 ya kilichobaki kila mwaka. Baada ya miaka 5 litauzwa kwa fungu 44 hivi, na baada ya miaka 10 kwa fungu 20. Mnunuzi hufurahi, kwa kuwa anapata gari la fungu 100 kwa moja ya tano ya bei. Lakini spea zake hazikushuka pamoja na gari. Kifaa kilichokuwa na bei ya fungu 2 kilikuwa asilimia 2 ya thamani ya gari jipya. Sasa ni asilimia 10 ya fedha alizotoa. Vifaa vitano vya namna hiyo vikiharibika, nusu ya bei imerudi mlangoni kudai. Bei ya kununua ilishuka. Gharama ya kutunza ilibaki pale pale.

Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara hatumii akiba yake yote kununua. Hutenga fungu la mwaka wa kwanza kwa ajili ya matairi, vimiminiko, mikanda ya injini na mipira. Asiyeweza kulitenga bado hajaweza kulinunua gari hilo, hata kama fedha za bei anazo mkononi.

Anayetaka kuagiza gari kutoka nje ana hesabu nyingine. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na Tanzania huongeza ushuru kwa gari lenye umri mkubwa. Tena, huko Japani magari mengi ya Kijerumani ya miaka ya 1980 na 1990 yaliuzwa yakiwa na usukani wa kushoto, kwa kuwa wenyewe waliuona kuwa ni alama ya fahari. Katika barabara zetu, dereva wa gari la chini lenye usukani wa kushoto hawezi kuona mbele ya lori bila kwanza kulitoa gari lake zima upande wa hatari.

Hitimisho

Sasa turudi kwa mstaafu wetu. Alipoimwagia maji mifereji ya gari jekundu, hayakutoka chini. Chini ya zulia palikuwa na maji, na sumaku iliteleza juu ya kizingiti cha kushoto bila kushika. Matairi yalikuwa na kashata nzuri, lakini tarakimu zake zilisema yana miaka kumi na minne. Gari lililofifia lilimwaga maji kama inavyotakiwa, mianya ya milango yake haikubadilika lilipoinuliwa, na bahasha ilionyesha kwamba vipete vya silinda za paa vilikwisha badilishwa. Rangi yake yaweza kupakwa upya wakati wowote. Kizingiti kilichooza cha lile jingine chahitaji kukatwa na kuungwa upya na fundi mwenye vifaa vya kulishika gari lisijipinde, na kazi hiyo yaweza kuzidi bei ya gari lenyewe.

Hata hivyo asitie sahihi kabla fundi asiye na uhusiano na muuzaji hajalipandisha juu na kulitazama chini, na kabla namba ya chesisi haijalinganishwa na kadi ya gari. Gharama ya ukaguzi huo ni ndogo, na hata ukimzuia kununua, fedha hizo hazikupotea.

Kwa muhtasari, gari la wazi likaguliwe kuanzia chini kwenda juu: kwanza vizingiti na sakafu, kisha mifereji ya maji, kisha breki na matairi, kisha paa na upinde wa kinga, kisha injini, na mwisho kabisa rangi. Wanunuzi wengi hufuata mpango huo kinyume, wakaanza kwa rangi na kuishia katika majuto. Na msomaji ambaye hatanunua kamwe gari la fahari asidhani kwamba somo hili halimhusu. Kutu, mpira na mafuta ya breki havibagui kati ya gari la mbio na pikapu ya kubebea ndizi. Sanduku ni sanduku, na uimara wake u mahali ambapo jicho halifiki.